Mlango Uliokwenda Kupakwa Rangi

Jumamosi iliyopita nilifungua kopo la rangi ya mafuta kwa bisibisi, na kabla hata sijachovya brashi nilikuwa nimesharudi Githurai 45, orofa ya tatu, nikiwa na miaka kumi na miwili. Harufu ya rangi ya mafuta haina adabu. Inaingia puani bila hodi, inakwaruza koo, inatoa machozi, na wewe unabaki kuwaambia watu kwamba ni tapentaini tu. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikajifuta macho kwa mkono wa sweta. Mdogo wangu Ndung'u, ambaye siku hizi sauti imekuwa nzito na anajiona mwanamume, akaniuliza kama nalia. Nilimwambia aende akachemshe chai.

Kama nawe ulikuwa darasa la saba wakati ule shule zilipofungwa, utanielewa. Sisi ndio tulioambiwa twende nyumbani mara moja, vitabu tukaviacha kwenye dawati tukijua tutavikuta wiki ijayo. Wengine mnakumbuka masomo ya redio, sabuni ya kipande pale mlangoni, na barakoa za kitambaa zilizonuka mate kufikia saa nne asubuhi. Mimi nakumbuka mlango.

Baba alikuwa dereva wa matatu, Githurai hadi mjini. Mama alikuwa na kibanda cha chapati pale steji, kwenye kituo cha matatu: fremu ya mbao iliyozungushiwa mabati, mbele dirisha kubwa la kuuzia, nyuma uwazi wa kuingilia ambao jioni aliuziba kwa ubao. Makanga, makondakta wa matatu, ndio waliokuwa wateja wake. Chapati moja, maharagwe katikati, inakunjwa, inaliwa huku mtu ananing'inia mlangoni mwa gari. Nyumba yetu ilitazama steji hiyo, na tangu nizaliwe nililala nikisikia wanaume wakigombania abiria. Kelele ndiyo iliyonibembeleza. Mtoto wa Githurai ukimpeleka mahali pa kimya hapati usingizi.

Sheria ya steji ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Kondakta akigonga bodi ya gari mara moja, dereva asimame. Akigonga mara mbili, twende. Baba aliileta sheria hiyo hadi nyumbani. Tukipiga kelele aligonga meza mara moja, tukanyamaza. Chakula kikiiva na sala ikiisha aligonga mara mbili, na mikono yote ikaingia kwenye sahani. Mama alikuwa akisema ameolewa na gari.

Sheria ya jengo letu ilikuwa nyingine. Kila Desemba keateka, msimamizi wa jengo aliyewekwa na landilodi, mzee mpole aliyependa kupiga mluzi, aling'oa milango yote, akaipanga uani na kuipaka rangi ya kahawia, ile ile kila mwaka. Milango ilichukua siku mbili kukauka. Siku hizo tulitundika shuka mlangoni, na sisi watoto tukaingia nyumba za watu bila kubisha, tunaonja pilau ya huyu na keki ya yule. Kwangu hizo ndizo zilikuwa siku tamu za mwaka mzima, kupita hata Krismasi yenyewe. Naomba ulikumbuke hilo, ndiyo usinicheke sana hapo mbele.

Basi ugonjwa ukaja. Matatu zikaambiwa zibebe nusu ya abiria, nauli ikapanda, na watu wakakumbuka kwamba wana miguu. Asubuhi ungewaona kando ya barabara kuu, mstari mrefu wa viatu vyenye vumbi, wanaenda kutafuta kazi ambazo nyingi hazikuwepo tena. Mwenye gari la baba alivumilia kidogo, kisha akalipeleka likaegeshwa nyuma ya gereji. Mama, aliyekuwa akikanda unga kwa beseni, akaanza kukanda kwa sufuria, halafu kwa bakuli. Steji ikanyamaza. Ndipo nikaanza kukosa usingizi.

Jengo nalo likaanza kumwaga watu. Nyumba inayohamwa huanza kupoteza pazia. Unaamka unaona dirisha liko uchi, na ngazini unapishana na godoro. Mikokoteni ilitoka kila siku na meza za miguu juu, mitungi ya gesi, na runinga zilizofunikwa blanketi. Waliokuwa na kwao karibu walienda kwao. Sisi kwetu ni Murang'a, ng'ambo ya daraja la Chania, na darajani kulikuwa na kizuizi cha polisi. Hakuna aliyevuka.

Asubuhi moja nilitoka kuchota maji, na ngazini nikakutana na keateka akishuka na mlango mgongoni. Nilimsalimia. Hakuitika, na hakuwa akipiga mluzi. Nilipofika juu nilimkuta mama amepanda stuli, anatundika leso yake ya maua mahali pa mlango wetu.

"Mama, mlango uko wapi?"

"Umeenda kupakwa rangi."

"Na si Desemba?"

"Mwaka huu wameanza mapema. Watu si wako tu, hawana kazi."

"Utapakwa rangi gani?"

Mama alifunga fundo, ncha ya leso ikiwa katikati ya meno. Kisha akaniuliza, "Wewe ungetaka gani?"

"Bluu."

"Haya. Nitamwambia bluu."

Miaka kumi na miwili ni umri wa kujua. Mtoto wa Githurai wa umri huo anajua kufunga mtungi wa gesi, anajua kumkwepa mlevi, anajua landilodi akija ngazini kudai kodi mama huwa hayupo. Nadhani sehemu yangu moja ilijua. Lakini mtu huamini kile kitakachomruhusu alale, na mimi nilikuwa na usingizi wa wiki nyingi. Nilishuka ngazi nikiwaringia watoto wote kwamba wetu utarudi ukiwa bluu. Hakuna aliyenicheka. Kwenye orofa yetu milango mingine miwili ilikuwa imeondoka, nami nikawafariji wenyewe kwa moyo safi: "Msijali, na yenu inapakwa."

Siku ya tatu mama alitufungia nguo kwenye mfuko. Tutaenda Kiandutu kwa Tata Wairimu, dadake mama, kwa sababu rangi ya mafuta haifai kwa kifua cha Ndung'u. Tukae huko hadi mlango ukauke. "Ukikauka tu, tunakuja kuwachukua, tunakuwa sisi wanne tena," alisema mama. Nilimgeukia baba ili aongeze neno. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara moja.

Tata Wairimu aliishi katika chumba kimoja na watoto wake watatu, na sasa sisi wawili juu yake. Kitanda kimoja, pazia moja, jiko moja la makaa. Asubuhi alijitwika beseni la nyanya na vitunguu akazunguka Thika kwa miguu, mtaa hadi mtaa, na jioni akarudi na nyanya zilizopondeka, ambazo ndizo tulizokula. Sijawahi kula mchuzi mtamu kama ule. Mlango wake ulikuwa wa bati lililopigiliwa kwenye mbao, na mnyororo, na kufuli. Kila nilipoupita niliugusa. Niliuonea wivu mlango wa bati, mimi niliyekuwa naringa kwa wa bluu.

"Tata," nilimuuliza kila jioni, "rangi ya mafuta hukauka kwa siku ngapi?"

"Inategemea jua, mami."

"Na kukiwa na mvua?"

"Kukiwa na mvua inakaa."

Na ilikuwa masika. Mvua ilipiga bati usiku na mchana, vijia vya Kiandutu vikawa mito ya maji ya sabuni. Niliichukia ile mvua kama adui yangu binafsi. Niliamka, nikachungulia angani, nikahesabu mawingu. Sasa nakumbuka kwamba binamu zangu hawakunicheka hata siku moja, na nakumbuka pia jinsi Tata alivyokuwa akiwaangalia kila nilipouliza. Alikuwa amewaonya. Atakayecheka angelala bila mchuzi.

Ndung'u alikuwa na miaka sita, na ikifika jioni alilia. Nilimsimulia habari za mlango wetu: jinsi ulivyo bluu, jinsi unavyong'aa, jinsi keateka anavyoupuliza kwa mdomo ili ukauke haraka. Siku moja akaniuliza, "Na kama umekauka na wamesahau kutuchukua?" Nilimwambia anyamaze alale. Ukweli ni kwamba hilo ndilo nililoliogopa mwenyewe. Niliogopa kwamba wazazi wangu wamezoea kuwa wawili, na kwamba wawili hula kidogo kuliko wanne.

Baba alikuja siku ambayo nilikuwa nimeacha kuuliza. Alikuwa na gambuti na barakoa iliyomshuka hadi kidevuni, na alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa ya siku za mwisho wa mwezi. Mimi nina jina la mama yake, Nyambura, na kwa hivyo huniita mami.

"Mami, twende."

"Mlango umekauka?"

"Twende utaona. Lakini hatuendi Githurai. Tunaenda Mugutha."

Mugutha tulikuwa na kaploti. Baba na wenzake wa steji walikuwa wamenunua shamba zamani, siku ambazo magari yalijaa, wakagawana vipande. Niliwahi kupelekwa mara moja nikaona nyasi, ua la miiba, na kisiki cha mkaratusi. Hakukuwa na nyumba. Nilipomkumbusha hilo baba alicheka, mara ya kwanza tangu shule zifungwe. "Nyumba iko njiani," akasema.

Na kweli ilikuwa njiani. Tuliposhuka pale lami inapoishia, mbele yetu kulikuwa na lori la mawe limezama kwenye udongo mweusi hadi ekseli, na juu yake, kizima, kibanda cha mama. Maandishi ya CHAPATI MOTO bado yalikuwa juu ya dirisha. Leso ya maua ilining'inia kwenye uwazi wa nyuma, kwa maana ule ubao wake mvua ilikuwa imeumeza. Mama alikuwa amekaa juu ya mtungi wa gesi kando ya barabara. Alipotuona alisimama, akakimbia kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, na akatukumbatia wote wawili kwa mpigo hadi pua yangu ikauma.

Kisha nikawaona makanga. Walikuwa kama ishirini, wa kampuni zile mbili za steji yetu zilizokuwa zikitupiana mawe kwa sababu ya abiria mmoja. Sasa walikuwa pamoja, suruali zimekunjwa hadi magotini, wanalizunguka lori. Mkubwa wao alikuwa jamaa mmoja tuliyemwita Mrefu, ambaye alikuwa amekula chapati za mama tangu kabla sijazaliwa.

"Dere, gari imekataa," Mrefu alimwambia baba. "Na hapo mbele ni mbaya zaidi. Tubebe na mabega tu."

"Mbebe nyumba?"

"Kwani hii ni nyumba? Hii ni kasufuria ka Mama Nyambu. Tumebeba watu na mizigo yao miaka yote. Leo tunabeba kahoteli."

Walipitisha miti mirefu ya mkaratusi chini ya kibanda, wakaifunga kwa kamba, wakaingia chini, kumi upande huu na kumi ule. Tatizo likawa moja: walio chini ya kibanda hawaoni mbele. Baba akanishika mabega, akanikabidhi kile kijiti cha mama cha kusukumia chapati.

"Mami, wewe ndiye kondakta. Unatembea mbele. Ukiona shimo, gonga moja. Pakiwa pazuri, mbili. Ukifika kwenye kisiki cha mkaratusi, gonga moja ya nguvu. Hapo ndipo nyumbani."

Nikagonga bati mara mbili, na nyumba ikainuka.

Sijui nikuelezeje. Kibanda kilichokuwa kimekaa steji maisha yangu yote kilipata miguu arobaini kikaanza kutembea. Na wale wanaume, ambao kwa wiki nyingi hawakuwa na mtu wa kumwita, wakapata sauti zao. "Beba beba beba!" "Wa nyuma sogea mbele, kuna nafasi!" "Nauli ni chapati, na hakuna chenji!" "Wee, usinikanyage, si hii ni siti yangu!" Watu wa Mugutha walitoka kwenye nyua zao wakatazama kwa mbali, mikono midomoni. Ndung'u alikimbia kando akipiga honi kwa mdomo. Ile ndiyo kelele niliyokuwa nimeikosa. Nilitembea mbele yake kidevu juu, nikagonga moja, nikagonga mbili, na watu wazima ishirini wakanitii. Nilijisikia mkubwa kuliko chifu.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Nyasi zilikuwa zimekua na mvua, kisiki kilikuwa kimefunikwa, na mimi nilikuwa nimelewa ukondakta. Tukakipita. Mama alikuwa akipiga kelele huko nyuma, lakini ni nani angesikia? Makanga hawasimami kwa kelele, husimama kwa kugongewa, nami sikugonga. Tulienda hadi njia ilipoishia, kwenye lango la mbao la jirani, na langoni alikuwa amesimama shosho mmoja, bibi kizee mfupi mwenye jembe.

"Simameni hapo hapo!" akasema.

Niligonga moja, nikiwa nimechelewa.

"Mnaniletea nyumba kwa shamba yangu? Nyinyi ni wa wapi?"

"Githurai, shosho," Mrefu akajibu kutoka chini ya bati, na sauti yake ilionyesha alitamani kuyarudisha maneno.

"Githulai! Na hiyo kolona yenu? Kalibu mtumalize. Hebu lundisheni hako ka-nyumba mahali mmekatoa."

Baba alizunguka akaja mbele, akavua kofia. Akaeleza kwamba tumepitiliza kidogo tu, kwamba kaploti ni kale pale, kwamba nyumba haina rivasi ya kurudi nyuma. Shosho alisema hataki jirani wa Githurai, na kwamba anamwita chifu sasa hivi. Wote tulijua maana yake. Mikutano ilikuwa imekatazwa. Watu ishirini chini ya bati moja wangelala korokoroni, na kibanda kingebaki pale matopeni. Chini ya wanaume kulikuwa na dimbwi, hawangeweza kukiweka chini. Niliona kibanda kikianza kuinama upande mmoja. Na mimi nilijua tukifukuzwa pale, mimi na Ndung'u tunarudi Kiandutu.

Shosho alikuwa akikizunguka kibanda. Alifika nyuma, akainua leso ya mama kwa mpini wa jembe.

"Hata mlango haina," akasema. "Hii ni nyumba ya aina gani? Ni ya wezi?"

Hapo nilikasirika. Mniite wa Githurai, mniite wa korona, lakini sio mwizi.

"Mlango tuko nao!" nikasema kwa nguvu. "Umeenda kupakwa rangi. Keateka aliubeba. Na utarudi ukiwa bluu!"

Hata wale waliokuwa wakihema chini ya mizigo waliacha kuhema. Mrefu aliinamisha kichwa akatazama matope. Nikamtafuta mama kwa macho, nikaona uso wake, na pale pale, kwenye lango la mtu nisiyemjua, nikajua. Nilijua keateka alikuwa na haya ndiyo maana hakupiga mluzi. Nilijua ile milango mingine miwili ilienda wapi: kwa landilodi, kwa sababu ya kodi isiyolipwa. Nilijua Tata alijua. Nilisikia moto ukipanda shingoni hadi masikioni, na nusura nitupe kile kijiti. Lakini mama alikuwa ananitazama kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko, na nikaona kwamba uongo ule aliubeba peke yake siku zote hizo, kwa ajili yangu. Nikainua kidevu.

"Bado haujakauka tu," nikasema. "Kwa sababu ya mvua."

Shosho alinitazama mimi, kisha mama.

"Ni keateka alibeba?"

"Ndiyo, shosho," mama akajibu polepole.

"Na hawa watoto walikuwa wapi?"

"Kiandutu. Walikuwa wanangoja ukauke."

Jembe likashuka. Shosho alivuta kitambaa chake cha kichwa akaziba pua na mdomo, kisha akafungua lango lake la mbao, pande zote mbili.

"Hiyo nyumba haina livasi, mumesema," akawaambia wanaume. "Ingieni huku mzungukie kwa shamba. Kanyageni hayo mahindi ya kando, hayo si kitu. Na mjihadhali na shimo." Kisha akanigeukia mimi. "Kondakta, unangoja nini? Gonga!"

Niligonga mara mbili. Nyumba yetu ikaingia kwenye mahindi ya shosho, ikageuka taratibu kama harusi inayotoka kanisani, na makanga wakapaaza sauti hadi ndege wakatoka kwenye ua. Yalikuwa mahindi mabichi ya kufika kiunoni, aliyoyapalilia kwa mikono yake, na aliyatazama yakilala bila kukunja uso. Kwenye kisiki niligonga moja, ya nguvu, hadi bati likabonyea. Alama hiyo ipo hadi leo.

Mama alipika chapati kwa unga wote aliokuwa nao, na hakuna aliyeondoka bila nauli yake. Jioni ilipoingia tulikuwa wanne ndani ya kibanda, miguu ya Ndung'u kwenye mbavu zangu, leso ikipepea mahali pa mlango, mvua ikipiga bati letu wenyewe. Nililala kabla mama hajamaliza kusali.

Kwetu, mwanamke akipata nyumba mpya, wanawake wenzake humletea kuni na maji na chochote cha kumwashia moto. Desturi hiyo tunaiita itega, na huenda kwa kundi na kwa nyimbo. Mwaka ule hakukuwa na kundi wala nyimbo. Lakini tulipoamka tulikuta mizigo ya kuni imeegemezwa kwenye ua, mmoja hapa, mwingine pale, na mtungi wa maji, na viazi kwenye mfuko, na hakuna mtu. Walikuwa wameviacha mmoja mmoja wakarudi makwao. Mama alisimama pale akilia na kucheka, hajui amshukuru nani.

Halafu tukamwona shosho akija. Alikuwa ameinama, kamba ya ngozi kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni. Mgongoni hakuwa na kuni. Alikuwa na mlango. Mlango wa mbao, mzito, wa jiko lake la zamani, umekula moshi hadi ukawa mweusi. Aliutua mbali kidogo nasi, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi.

"Mama Nyambula," akaita, "mlango wenu umelundi."

Mama aliuendea mlango, akaushika kwa mikono miwili.

"Lakini langi iliisha kwa duka," shosho akaendelea, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Mtapaka wenyewe, siku mkipata."

Alijua. Na alijua kwamba najua. Nikamwambia, "Asante, shosho. Tutapaka bluu."

Baba aliukata kidogo juu, akaupigia bawaba, na kabla ya saa sita ulikuwa umesimama. Mama aliufunga. Akaufungua. Akaufunga tena. Ndung'u akatoka nje ili abishe hodi, na mama akamuuliza ni nani, akasema ni chifu, na tukacheka hadi tukakaa chini.

Mengine mnayajua, maana yaliwapata hata nyinyi. Magari yalirudi barabarani, shule zikafunguliwa, baba akapata gari lingine la kwenda Ruiru. Makanga wa kampuni zile mbili walirudi kugombana ndani ya wiki moja, kama inavyostahili. Nilipita Githurai juzi: madirisha yote yana pazia, na steji ina kelele za kutosha kumlaza mtoto yeyote. Kaploti ketu kakapata msingi, halafu kuta za mawe, chumba kimoja, halafu cha pili. Kibanda kimekuwa jiko la mama. Na kila mwaka tulisema tutapaka mlango, na kila mwaka kukawa na saruji au karo, na rangi ikangoja. Ilikuwa imezoea kungoja.

Nyumba ya mawe ilipokamilika baba alitaka mlango wa chuma kama wa majirani. Mimi na mama tulikataa kwa sauti moja, akajua ameshindwa. Mwezi uliopita niliajiriwa dukani Ruiru, duka la vifaa vya ujenzi, na kitu cha kwanza nilichonunua kwa mshahara wangu wa kwanza ni lile kopo.

Kwa hiyo Jumamosi nilipomaliza kujifuta macho nilichovya brashi nikaanza. Shosho alikuwa ameletewa kiti, na fimbo yake ikanionyesha kila mahali nilipopunguza. "Hapo hujafikisha. Na hapo. Kwani langi unaifanyia uchoyo?" Ndung'u alileta chai. Bluu ikashuka juu ya ule weusi wa moshi, ubao mmoja, kisha wa pili, na kufikia alasiri mlango wetu uling'aa vile vile nilivyomsimulia Ndung'u kule Kiandutu.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Akasimama mbele ya mlango, kiganja kiunoni, akautazama kutoka juu hadi chini.

"Kwani nilikudanganya?" akasema. "Si nilikuambia umeenda kupakwa rangi?"

Baba akainua mkono augonge, akakumbuka kwamba haujakauka, akagonga ukuta. Mara mbili.